Tela Tupu

Kosa langu la mwanzo hapa Guangzhou lilikuwa kusikiliza nusu tu ya jumbe za sauti za watu. Nililiokota sokoni, katika miezi yangu ya kwanza kwenye maduka ya viatu ya Zhanxi, na wakati huo nililiona kama ujuzi. Mteja wa Dar akituma ujumbe wa sauti huanza na salamu, akauliza hali ya hewa ya huku, akasimulia mvua ya kwao, akamsema kidogo shemeji yake, ndipo anafika kwenye viatu. Mimi nilikuwa naongeza kasi ya sauti hadi anaongea kama katuni, na nikishasikia anachotaka, nakata na kujibu. Mama mmoja wa Kariakoo aliagiza raba nyeupe. Nilikata pale pale kwenye "nyeupe". Huko mwishoni alikuwa amesema ni za watoto wa chekechea. Nilimsafirishia raba nyeupe nzuri, zilizokaguliwa moja moja, za watu wazima.

Nilipomsimulia kaka yangu, alicheka hadi akakohoa.

"Dogo, wewe unasikiliza kama trafiki. Ukishaona kosa, maelezo huyataki."

Nilicheka naye. Sikubadilika.

Kaka alikuwa dereva wa malori. Nyumbani ni Makambako, na tangu nikiwa shule ya msingi yeye alikuwa njiani, Dar na Tunduma, Tunduma na Dar. Mimi nilikuja China na tajiri mmoja anayenunua viatu na nguo, nikiwa mtu wa kumbebea sampuli. Kichina sikusoma darasani. Nilikiokota kwenye simu, kwa kurudia sentensi moja hadi wenzangu chumbani wakanitupia mto. Ndivyo nilivyo. Jambo nikiliingia sitoki hadi lifanane na nilivyoliwaza, na kwa kuwa halifanani kamwe, silali. Viganja vyangu hutoka jasho hata ninapopanga maboksi. Tajiri wangu huniambia, "Wewe kijana utakufa kwa kukagua." Nami hukagua tena.

Kisha kaka akapata kazi Poland, kwenye kampuni ya malori, akafanya mitihani yao, akapewa gari. Mwanzo wa baridi alinitumia picha ya barabara. Ilikuwa nyeupe, kando nyeupe, mbele nyeupe, na miti myeusi.

"Dogo, barabara wameifuta," alisema.

Nilikuwa soko la nguo la Shahe asubuhi hiyo, katikati ya marundo ya fulana, shati limenigandia mgongoni kwa joto. Niliitazama ile picha nikaikuza kwa vidole viwili. Kaka yangu alikuwa anaendesha gari refu lenye kichwa na tela juu ya kitu ambacho ukoo wetu mzima haujawahi kukikanyaga. Nikaamua nitajifunza kwa niaba yake.

Ndivyo nilivyoanza kutazama video za madereva wa Kichina, wale wanaoshusha malori kwenye milima ya magharibi. Kwa Kichina changu cha sokoni nilikuwa naelewa bei na "hakuna" na "rafiki, njoo utazame". Sikujua tairi, sikujua upepo wa breki. Nikajifunza neno kwa neno. Kila nilipoelewa somo moja nilimwekea kaka sauti kwa Kiswahili. Nilimwambia amwage maji yaliyomo kwenye mitungi ya upepo kabla ya baridi kushuka, maana yakiganda breki hazitamsikia. Nilimwambia atazame magurudumu ya gari la mbele: yakirusha maji, barabara ni maji, yakiacha kurusha na lami bado inang'aa, hiyo ni barafu. Nilimwambia daraja huganda kabla ya barabara. Nilimsimulia jinsi Wachina wanavyofunga tangi la maji la kumwagilia breki kwenye miteremko ili zisiungue, na jinsi wakati wa baridi maji hayo yanavyoganda barabarani na kumwangusha anayekuja nyuma.

"Sasa hilo la maji linanihusu nini?" aliuliza. "Huku hatumwagilii breki, dogo. Huku tunamwagilia supu."

"Nakwambia ujue tu."

"Haya, profesa. Profesa wa theluji ambaye hajaiona theluji."

Lakini alikuwa anazisikiliza. Na alikuwa anamrushia Mkenya mmoja aliyefanya naye kazi, dereva wa siku nyingi wa Mombasa na Malaba, naye akaanza kunisalimia kupitia kwake: "Mwambie mwalimu wa China asitulaze njaa ya masomo." Nilijisikia mtu. Kwa mara ya kwanza ile hofu yangu ilikuwa na kazi ya kufanya.

Lile la profesa asiyeiona theluji liliniuma kidogo, kwa hiyo Jumapili moja nilienda kuiona. Nje ya jiji kuna jumba la theluji ya kutengenezwa, watu hulipa kuingia kuteleza. Nje watu wamevaa kaptula, ndani unakodishiwa koti. Watoto walikuwa wanapiga kelele kwenye vibao vyao, nami nikachuchumaa peke yangu nikiibonyeza theluji kwa kisigino. Nilishuka kijimteremko cha watoto bila mzigo, nikamaliza kwa makalio. Nikapanda tena na begi mgongoni, nimelijaza sampuli za viatu. Safari hii soli ilizama kidogo, ikashika. Nikarudia mara nyingi hadi mlinzi akaja kunitazama.

Kaka alipiga simu jioni hiyo.

"Yaani umelipa kiingilio ukateleze, ili unifundishe mimi ninayelala ndani yake?"

"Nimegundua kitu, kaka. Uzito."

"Uzito gani? Wewe huna uzito."

"Nitakuwekea sauti. Ngoja niipange vizuri."

Sikuiweka. Nataka niseme hili wazi, kwa sababu nimelificha kwa watu wengi. Nilikuwa nimeshapata video ya mzee mmoja akieleza tofauti ya gari lililobeba na gari tupu. Kwetu, kwenye mlima wa Kitonga, kila dereva hufundishwa kushuka na injini: unaingiza gia ndogo kuanzia juu, unawasha breki ya injini, na mguu unauweka mbali na breki ili zisishike moto. Kaka alilelewa na sheria hiyo. Kitonga, asiyeifuata hafiki chini. Lakini breki ya injini hushika magurudumu ya kichwa peke yake. Gari likiwa na mzigo, uzito unayakandamiza magurudumu hayo barabarani, yanashika. Likiwa tupu juu ya barafu, magurudumu hayo yanakwama na kuteleza, kichwa kinajizuia, na tela lililo nyuma, ambalo halijazuiwa na chochote, linaendelea kuja. Gari tupu kwenye barafu unalizimia breki ya injini. Unaanza polepole sana kutoka juu, na mguu unagusa breki kidogo, unaachia, unagusa, ili magurudumu yote ya kichwa na ya tela yashike pamoja.

Nilijua yote haya. Nilirekodi somo hilo Zhanxi, kwenye ngazi za nyuma ya duka, mkokoteni wa maboksi ukapita unapiga kelele, nikafuta. Nikarekodi tena, nikasema "kushoto" mahali pa "kulia"; nikafuta. Nikarekodi chumbani, sauti yangu ikasikika kama ya mtu anayeogopa, nikafuta. Nilitaka liwe somo langu bora kuliko yote. Nikajiambia kesho. Mizigo ya kufunga mwaka ilikuwa imeingia, kila mtu alitaka kontena lake liondoke kabla viwanda havijafungwa kwa sikukuu ya mwaka mpya wao, na kesho ikawa inasogea.

Siku yenyewe ilikuwa mchana huku Guangzhou, asubuhi kwa kaka. Tajiri wangu alikuwa anavutana bei na mwenye duka, wanaitana laoban, bosi, kila mmoja akimwinua mwenzake ili amwangushe vizuri. Mimi nilikuwa nakagua mishono. Ujumbe wa kaka ukaingia. Nikauweka sikioni, kasi ileile ya kazini.

"Dogo, habari za huko. Huku tumelala juu mlimani, theluji imeanguka hadi alfajiri, gari la chumvi limepita halijarudi. Mkenya yuko nyuma yangu. Sasa mteremko wa hapa ni mrefu, nakuuliza, nishuke na injini kama Kitonga, niiwashe yote?"

Nikakata. Swali nilikuwa nalijua, na jibu nilikuwa nalo tayari.

"Ndiyo kaka, kama Kitonga. Gia ndogo, injini iwashe yote, mguu usiguse breki. Polepole."

Nililitazama jibu langu nikaridhika. Lilikuwa fupi, lisilo na kelele ya mkokoteni. Baada ya muda ile alama ndogo ya kipaza sauti iligeuka bluu. Ameusikiliza. Nikarudi kwenye mishono.

Kesho yake asubuhi walikuja dukani watu wawili, katibu wa umoja wetu wa Watanzania na dada mmoja wa Unguja anayenunua mabaibui. Saa ile hakuna Mtanzania anayeacha kazi yake Guangzhou. Hawakuwa na mfuko wala sampuli. Tajiri wangu alisimama kabla hata hawajafika mlangoni, ndipo nikajua kwamba yeye alikuwa ameshaambiwa.

"Kaa, mdogo wangu," alisema yule dada.

"Nani?"

"Kaa kwanza."

"Dada, nani?"

Alinishika kifundo cha mkono, akaichukua simu yangu taratibu, akaitia kwenye mkoba wake. Kwetu ndivyo inavyofanywa, mtu asije akakutana na msiba kwenye kioo cha simu. Katibu akasema ni kaka. Mwenye duka, ambaye hakuelewa hata neno moja, aliacha kupiga hesabu zake, akavuta kiti cha plastiki akakiweka nyuma ya magoti yangu.

Simu nilirudishiwa baada ya siku tatu za kukaa msiba chumbani kwa katibu. Ilikuwa imejaa pole. Nilizipita zote nikaenda kwenye jumbe za kaka, nikaufungua ule ujumbe wake, nikauacha uende kwa kasi ya mtu anayeongea. Ulipita pale nilipoukata.

"Maana jana nimeshusha mzigo wote, tela tupu, tangu tuondoke linanicheza huku nyuma kama mkia. Kwa hiyo waza kwanza, profesa, ndipo unijibu. Sina haraka, bado nachemsha chai."

Chini yake palikuwa na sauti ya kijiko ndani ya kikombe, kisha ukaisha.

Mkenya alinipigia wiki iliyofuata. Yeye alikuwa ameteremka nyuma yake.

"Mazee, brathako hakuwa anakimbia," alisema. "Nataka ujue hilo. Alikuwa anaenda kama mtu amebeba trei ya mayai. Kwenye kona kichwa kilishikwa tu, kikasimama kama kimefungwa kamba, tela likaja kando likakipita. Likamsukuma nje."

"Na wewe ulipitaje?"

"Mimi nilikuwa na mbao. Nilikuwa mzito. Nilishuka na injini, ikashika."

"Palepale?"

"Palepale." Kisha akasema, "Hata mimi angeniuliza ningemwambia hivyo hivyo, buda. Si wewe pekee."

Nilimshukuru. Lakini yeye hakuulizwa.

Nilisafiri kwenda kuzika. Uwanja wa ndege wa Baiyun wenzangu walinijazia mizigo ya watoto wa kaka, suruali, vitabu vya kuchorea, hadi nikawa nasukuma toroli mbili. Makambako kulikuwa na baridi ile ya kwetu, ya ukungu. Jeneza lilikuwa limefungwa na halikufunguliwa. Baada ya watu kupungua, shemeji yangu, mke wa kaka, alikuja kukaa nami kwenye benchi la jikoni, kitenge amekifunga kichwani.

"Wanasema alizungumza na wewe mwisho," alisema.

"Alinitumia sauti, shemeji."

"Alisema nini?"

Ningeweza kumpa maneno tu. Nilitoa simu nikamsikilizisha, ujumbe wa kaka wote, halafu jibu langu, halafu nikamweleza nilichokuwa najua na sikukituma. Nilieleza vibaya. Nilikuwa narudi nyuma kurekebisha sentensi, hadi akanishika goti ninyamaze.

"Rudisha," alisema.

"Kutoka wapi?"

"Hapo anapochemsha chai."

Nilirudisha. Alisikiliza na kile kijiko. Akaniomba nirudishe tena.

"Hii nitumie," alisema. "Ile ya kwako usinitumie."

Akainuka, akaenda kuwamiminia wageni chai. Hajawahi kunitukana. Nikipiga simu ananisalimia vizuri, ananiita shemeji, anawapa watoto waseme asante ya nguo. Ila tangu siku ile hajaniuliza kitu chochote, hata ushauri wa rangi ya sare. Najua kwa nini. Na mimi sijamlazimisha.

Nikarudi Guangzhou, kwenye viatu. Sikutazama tena video za milima. Nilifuta masomo yote niliyokuwa nimeyahifadhi, kisha nikalia kwa sababu katika mengine, niliyoyarekodi tukiwa kwenye simu, sauti ya kaka ilikuwa imeingia, akicheka. Watu wa hapa walinihurumia kwa namna yao. Mwenye duka la viatu hunipa kiti kile cha plastiki kila nikiingia, hata nikiwa sijachoka. Yule dada wa Unguja hunipikia pilau na kunikalia hadi nimalize sahani.

Baridi nyingine ikaanza huko Poland. Nilijua kwa sababu tu mizigo ya mwisho wa mwaka ilirudi. Mchana mmoja nikiwa na raba mkononi, simu ikatetemeka. Mkenya. Viganja vikaloa papo hapo. Sikuwa nimesikia sauti yake kwa miezi mingi.

Niliweka raba chini. Nilimwambia tajiri wangu natoka.

"Sasa hivi? Laoban ndiyo anataka kushusha bei!"

"Sasa hivi."

Nilienda kwenye ngazi za nyuma, zilezile, nikakaa. Nikauacha ujumbe uende kwa mwendo wake. Alinisalimia. Aliuliza kama nakula vizuri. Alisimulia kwamba amebadilishiwa gari, kwamba kitanda cha hili ni kifupi, miguu inabaki nje kama ya kuku kwenye kikapu. Alisema binti yake ameanza shule. Alikuwa anazunguka, nikaelewa kwamba na yeye anaogopa kufika kwenye jambo lenyewe. Kisha akafika.

"Niko juu ya ule mlima, buda. Unaujua. Theluji imekuja. Nimeona nikuulize, lakini kama huwezi ni sawa, kabisa, nitaelewa."

Nikangoja hadi sauti ikatike yenyewe. Nilifikiri nimwambie aulize mtu mwingine, dereva wa kweli. Nikamwona amekaa kwenye usukani, injini inaunguruma, anatazama alama imeshageuka bluu na jibu halijaja.

Nikamuuliza, "Uko tupu au umebeba?"

"Tupu. Nimeshusha jana."

"Minyororo ya tairi unayo?"

"Nimeifunga tayari."

Nikabonyeza kurekodi. Nikamwambia azime breki ya injini kabisa, aanze na gia ndogo akiwa bado pale juu, mwendo wa mtu anayetembea, mguu uguse breki na kuachia, uguse na kuachia, asiguse ndani ya kona, aguse kabla. Nikamwambia akihisi tela linataka kuja, aachie breki, anyooshe, asipigane nalo. Katikati ya maneno mkokoteni wa maboksi ulipita ukigongagonga ngazi, na mwenye nao akanipigia kelele nisogee. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka. Mahali fulani nilisema "kona" mara mbili. Nikatuma hivyo hivyo.

Nilibaki kwenye ngazi. Watu walinipita na mizigo, wengine wakinisukuma kwa magoti. Tajiri alinipigia, sikupokea. Nilikuwa nawaza ile kona ambayo sijawahi kuiona na naijua kuliko mtaa ninaokaa.

Ujumbe wake ulipokuja ulikuwa mfupi, nami niliusikiliza wote, pamoja na ukimya wa mwisho.

"Niko chini. Nimepita pale. Nimempigia honi."

Sikurudi dukani mara moja.

Kaka yangu hatarudi, na sijui kama jibu lingine lingemfikisha chini. Hakuna wa kunithibitishia, na shemeji yangu hana deni la kunisamehe. Kilichobadilika ni hiki. Sasa nasikiliza kila ujumbe hadi mwisho, kwa mwendo wa anayeongea, hata wa raba. Dereva akiniuliza, namuuliza kwanza amebeba nini. Na nikishajua jambo ambalo mtu analihitaji, namtumia siku hiyohiyo, na kelele zake.